Nimegonga Sakafu Tatu

Mama Mwantumu,
uliniambia nichague kwa macho mawili,
lakini mimi seremala, nachagua kwa vifundo vya vidole.
Wiki hii nimegonga sakafu tatu mjini Tanga
na watu wamenitazama kama mdai kodi.

Ya kwanza Raskazone.
Geti jeupe, kiyoyozi, kioo ukuta mzima;
mwanao akajiona mara ishirini kwa mpigo,
akasema, "Baba, ni hapa."
Nikavua kiatu. Marumaru.
Chini ya marumaru zege, chini ya zege hakuna huruma.
Watoto wa miaka minane wamesimamishwa juu ya ncha za vidole
ndani ya viatu vigumu vya waridi,
wazazi wanapiga picha.
Mmoja alipotua nilisikia goti lake
kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Ada ya muhula ni milango miwili ya mninga
pamoja na fremu zake.
Mwalimu akampima Mwantumu nyonga kwa jicho,
akasema miaka tisa ni kuchelewa,
ila kwa pesa atasaidiwa.

Ya pili Chumbageni, sitaiandika sana.
Mwalimu ana fimbo.
Anasema ni ya kuhesabia.
Nami nilisoma shule, naijua fimbo ya kuhesabia.

Dada Semeni ananicheka kila akipita karakanani:
"Baleti, wewe Mhina? Mdumange umekwisha?"
Nikamwambia haujaisha,
mtoto anaucheza harusini mpaka vumbi linaomba radhi.
Lakini aliona dakika tatu za baleti kwenye simu ya jirani,
na tangu siku ile anachota maji kwa mguu mmoja.
Mguu ukiuliza swali,
nani wa kuujibu kwa kabila?

Ya tatu ni ghala la zamani la mkonge, nyuma ya stesheni.
Hakuna kibao. Kioo kimoja, kimepasuka pembeni,
kimebanduliwa kabatini kwa mtu: nimeona matundu ya skrubu.
Mwalimu anaitwa Agripina, anachechemea kidogo.
Hakuanza na pesa.
Akamwambia mtoto, "Ruka."
Akaruka.
"Tena."
Hakutazama anavyopaa, Mama Mwantumu.
Alitazama anavyotua.
Mwanao akauliza viatu vya ncha atavaa lini.
"Baada ya miaka mitatu, minne. Mifupa yako bado ni mbao mbichi."
Neno hilo nawaambia wateja wangu mwaka wa kumi na tisa sasa,
na wengine hawakusikia,
na milango yao imepinda kabla ya Idi.
Nikapiga magoti, nikagonga.
Mvule. Mbao za inchi moja juu ya mbavu za mbao,
na hewa katikati.
Iliwekwa kwa ajili ya robota, si ya mtoto wa mtu,
lakini ilinijibu kama ngozi ya ngoma.
Karibu na dirisha mbao nne zimeoza.
Nikazihesabu. Sikusema kitu.

Kurudi, Mwantumu hakunishika mkono,
kuanzia stesheni mpaka Barabara ya Kumi na Tatu.
Anataka vioo. Anataka waridi.
Yeye ana miaka tisa,
mimi namchagulia magoti ya miaka arobaini.
Je, ni haki?
Hilo ndilo ninalokuuliza, ada nitajua mwenyewe.

Jana usiku nimemkuta karakanani, pekupeku.
Amelaza ubao wangu mrefu juu ya vipande viwili,
anaruka, anasimama, anategea sikio.
Ubao unashuka, unarudi.
Kisha akashuka, akaruka juu ya saruji, mara moja tu,
akakunja uso.
"Huu unanisukuma," akasema,
akiuonyesha ubao, si mimi.
Mimi bado hajanisamehe.

Jumatatu nakwenda kulipa.
Usiponijibu kabla ya hapo,
nitabeba na randa.